Mwenzake wa Zamu ya Mchana

Vipimo vya mgonjwa wa kitanda cha tatu vilikuwa vimeshaandikwa.

Mama Pacha alisimama na kipimajoto mkononi, akaitazama karatasi iliyoning'inia miguuni pa kitanda. Saa nane mchana: joto, mapigo ya moyo, presha, pumzi. Vyote vimejazwa, kwa mwandiko wake mwenyewe, na sahihi yake pembeni. Naye ndiyo kwanza alikuwa anafika hapo. Akampima yule mgonjwa. Majibu yakawa yaleyale, hata nukta haikupishana.

Alijiambia kwamba amepita akasahau, na kwa kweli haingekuwa ajabu. Wodi ya wanawake ilikuwa na vitanda ishirini na sita, na siku hiyo ilikuwa na wagonjwa thelathini na wanane, waliozidi wakilala wawili wawili au kwenye magodoro chini, mpaka toroli la dawa lilisukumwa kwa kukata kona kama mtu anayepenya sokoni. Wauguzi wa zamu ya mchana walikuwa wawili: yeye, na mwenzake mnene mwenye utani mwingi ambaye wodi nzima ilimwita Kicheko. Mapumziko ya chai yalikuwa yamebaki kwenye ratiba tu.

Mama Pacha, aliyeitwa hivyo kwa ajili ya mapacha wake wa miaka sita, alikuwa kwenye kazi hiyo mwaka wa kumi na moja. Barua yake ya kuomba kupandishwa daraja ilikuwa ofisini mwaka wa nne, na kila alipoulizia aliambiwa inashughulikiwa. Zamani alikuwa akikaa na mgonjwa anayeogopa upasuaji, akamshika mkono, wakazungumza habari za watoto mpaka mgonjwa akasahau kisu. Siku hizi alipita kitanda kwa kitanda kama mtu anayezima taa za vyumba ili akalale.

Siku zilizofuata kazi zilizidi kujifanya. Mgonjwa aliyetakiwa kugeuzwa ubavu alikutwa ameshageuzwa. Dripu iliyokuwa inakwisha ilikutwa imebadilishwa. Kidonda cha kusafishwa saa tisa kilikutwa kimefungwa bandeji nyeupe, safi kuliko walivyofundishwa chuoni. Mama Pacha alimshukuru Kicheko, Kicheko naye akamshukuru yeye, wakacheka wote wawili. Kisha kicheko cha mmoja kikakatika, na cha wa pili kikafuata.

"Mimi sijamgusa yule," Kicheko alisema kwa sauti ndogo.

"Hata mimi."

Waliitazama wodi. Hakukuwa na kitu, isipokuwa harufu ya nguo iliyopigwa pasi mpaka ikakaribia kuungua. Kicheko akasema labda inatoka chumba cha kufulia. Chumba cha kufulia kilikuwa upande wa pili wa hospitali.

Alhamisi moja daktari wa zamu alimfokea Mama Pacha mbele ya ndugu wa mgonjwa, kwa sababu ya chupa ya damu ambayo hakukuwa na mtu wa kuipeleka maabara. Aliingia chumba cha dawa, akarudisha mlango, akakaa juu ya boksi la dripu na kuvua viatu. Miguu ilikuwa imevimba, alama za kamba zimezama kwenye nyama. Hapo ndipo ile harufu ilipomjia, karibu sana, kama mtu amemwinamia.

"Pole na kazi," ilisema sauti nyuma ya rafu.

Haikuwa ya kiume wala ya kike. Mama Pacha alijua kwamba nyuma ya rafu ile kulikuwa na ukuta. Alitaka kupiga kelele, lakini yale maneno yalikuwa yamemwingia mahali ambapo hapakuwa pameguswa na mtu kwa miaka mingi, na badala ya kupiga kelele akajikuta analia.

"Niendelee?" sauti iliuliza.

Hakugeuka. "Endelea," alisema.

Tangu siku hiyo wodi ya wanawake ilikwenda kama saa. Dawa zilitoka kwa wakati, mafaili yalikaa sawa, shuka zilinyooka. Mama Pacha alianza kunywa chai yake ikiwa ya moto. Alijizoeza kutogeuka aliposikia gurudumu la toroli likilia nyuma yake, na kutouliza. Kila siku mara moja, akiwa peke yake, sauti ilimwambia pole, na yeye alikuwa ameanza kuingojea kama mtu anavyongoja simu ya mumewe aliye safarini.

Matroni, mkuu wa wauguzi, alikuja na mkurugenzi. Walipita kitanda kwa kitanda, wakafungua mafaili, wakatazamana. Mwisho wa mwezi picha ya Mama Pacha ilibandikwa ubaoni kama mfanyakazi bora. Wiki iliyofuata ratiba mpya ilitoka: Kicheko amehamishiwa wodi ya watoto, ambako muuguzi mmoja alikuwa ameacha kazi bila kuaga. Mama Pacha alikwenda kulalamika. Matroni alimwambia, bila ubaya wowote, kwamba kama mambo yanakwenda vile basi mmoja anatosha, na kwamba angekuwa na watu wawili kama yeye hospitali nzima ingepona.

Kicheko alikusanya vitu vyake bila utani hata mmoja. Mlangoni alisimama, akasema polepole, "Mimi nilifikiri tunakimbia wote, kumbe wewe umebebwa." Akaondoka.

Kitanda cha sita alilala mwanafunzi wa sekondari mwenye nimonia, binti mchangamfu hata kwenye homa, aliyekuwa akiomba apewe mafaili ayapange kwa herufi. Saa ya kuona wagonjwa mama yake, mwanamke mwembamba aliyefanya usafi kwenye maofisi, alimvuta Mama Pacha pembeni. Alimwambia kwamba binti alipokuwa mdogo aliwahi kuchomwa sindano ya penisilini, akavimba uso na koo mpaka akakaribia kufa. Mama Pacha akamwambia asiwe na wasiwasi, ataandika kwenye faili.

Alikuwa na kalamu mfukoni. Mgonjwa mmoja akaita, kisha mwingine, na alipopata nafasi ya kukaa alijiambia ataandika baadaye, kwa kuwa siku hizi mambo yalikuwa yakijifanya yenyewe. Hakujua kwamba daktari ameshaandika dawa ya saa kumi, naye ameandika penisilini.

Saa kumi alikuwa mezani na kikombe chake. Alisikia gurudumu la toroli. Alisikia likisimama, likaenda, likasimama tena. Hakuinua kichwa. Alipokuja kuinua ni kwa sababu wagonjwa wa upande ule walikuwa wamenyamaza wote kwa pamoja, kama watoto wanapoingia mwalimu. Alikwenda mbio. Uso wa binti ulikuwa umevimba hata macho hayaonekani, na pumzi ilikuwa inatafuta njia na kuikosa. Daktari alifika, wakahangaika naye. Kabla ya saa kumi na moja alikuwa amefunikwa shuka.

Daktari, aliyekuwa na wodi nyingine tatu zikimsubiri, aliandika nimonia kali. Mama Pacha alifungua faili na kukuta sindano imerekodiwa: dawa, kipimo, saa, mkono wa kulia. Kila kitu sawasawa kama kilivyoagizwa. Na sahihi yake.

Mama wa binti alipoletwa, alianguka chini na kulia kwa sauti iliyowafanya wapita njia wasimame nje. Mama Pacha alimtazama, na wazo lililomjia kichwani, moja tu, ni kwamba kitanda kimoja kimepatikana.

Jioni ile, nyumbani, mdogo wake aliyekuwa akikaa na watoto alimpokea mlangoni na kumwambia kwamba Doto, pacha mdogo, anawaka moto tangu mchana. Mama Pacha alimwekea mtoto kiganja kwenye paji la uso. Hakusikia kitu. Alimgusa shingo, akamgusa tumbo, na ilikuwa kama kugusa meza. Kipimajoto kikasema thelathini na tisa na nusu. Mdogo wake akamwita kwa woga, akamwonyesha kwa kidole: mkono wake mwingine ulikuwa umeegemea sufuria iliyokuwa ikichemka kwenye jiko pembeni yao, ngozi imeanza kutoa malengelenge, naye hana habari.

Kesho yake, alipokuwa akifungua kidonda cha mguu cha mgonjwa wa kitanda cha kumi na moja, mgonjwa huyo alimshika kifundo cha mkono na kuitazama bandeji aliyoifunga juu ya jeraha la moto. Alikuwa ajuza aliyeshona nguo za watu maisha yake yote, na wodi ilimwita Bibi Fundi. Sukari ilikuwa imemla mguu, lakini macho yake bado yangeweza kutunga uzi kwenye sindano.

"Imekuuma?" aliuliza.

"Hapana, bibi."

"Nilijua." Akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Mwanangu, huyo mwenzako hana joto wala baridi. Akinigusa ni kama nimeguswa na kiti. Mwanzoni mkono wako ulikuwa wa moto na wake mfu. Siku hizi siwezi tena kuwapambanua."

Mama Pacha alikaa kitandani bila kukusudia. Bibi Fundi alimweleza kwamba mama yake mzazi alikuwa akitoa majini, na yeye tangu utotoni ndiye aliyembebea mkoba. Aliwaona wa kila namna, wanaopiga na wanaocheka. Huyu alikuwa wa namna ya kimya, wanaokuja mahali ambapo mtu amechoka mpaka ameacha kuipenda kazi yake. Yeye hawataki wagonjwa. Anamtaka anayewahudumia. Anamfanyia kazi kipande kwa kipande, na kila kipande anachofanya anakichukua kiwe chake, mpaka siku moja anabaki amevaa mtu.

"Na yule binti?" Mama Pacha aliuliza.

"Alifanya kilichoandikwa. Hajui zaidi ya hapo. Wewe ungemwangalia usoni ukakumbuka."

Kisha akampa masharti. Kesho, tangu anaingia mpaka anatoka, asikae. Kila kazi aifanye kwa mkono wake, na atakayoikuta imefanywa aifumue aifanye upya. Atasemeshwa, wala asijibu, hata kwa sauti ya mtu wake. Na jambo la mwisho, Bibi Fundi alilisema polepole zaidi, ni lile linalomweka jini huyo hapo. "Unamfichia siri. Ile sahihi. Siku ukiitoa mbele ya mwenye haki, hana pa kushika tena. Mama wa binti anakuja kesho kuchukua karatasi ya kifo."

Kesho yake Mama Pacha aliingia saa nane kasoro robo, akafunga viatu, akaanzia kitanda cha kwanza. Wagonjwa walikuwa arobaini na mmoja. Karatasi tano za mwanzo zilikuwa zimeshajazwa. Alizikata kwa mstari, akapima upya, akaandika upya. Bandeji alizozikuta zimefungwa alizifungua. Kufikia saa tisa harufu ya pasi ilikuwa nzito kiasi kwamba wagonjwa walianza kukohoa, na mmoja akauliza nani anaunguza nguo.

Saa kumi toroli la dawa lilianza kwenda lenyewe. Alilikimbilia, akalishika, na kwa mara ya kwanza akamwona, kwa sababu kwa mara ya kwanza alithubutu kutazama: mgongo mrefu wenye sare nyeupe iliyonyooka bila kunyanzi hata moja, umeinama juu ya kitanda cha mwisho, mikono ikifika mpaka upande wa pili wa godoro bila mwenyewe kusogea, na alipovuta toroli kwa nguvu zake zote ule mgongo haukugeuka bali ulianza kurudi kinyumenyume kumfuata, kitanda baada ya kitanda, huku yeye akigawa dawa kwa vidole visivyosikia kitu, akihesabu vidonge kwa macho, akisoma kila jina mara mbili na kumwuliza kila mgonjwa kwa sauti ni dawa gani inayomdhuru, wakati nyuma ya sikio lake sauti ikimwambia pole, pole na kazi, umechoka, nani mwingine anaona unavyochoka, kaa kidogo tu, na alipozidi kunyamaza sauti ikabadilika ikawa ya Doto inayolia homa imerudi, mama njoo nyumbani, halafu ya mumewe, halafu ya binti wa kitanda cha sita, ikimwomba apewe mafaili ayapange.

Hapo alitaka kukaa, akashika ukingo wa kitanda cha kumi na moja. Bibi Fundi alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, anasema maneno ambayo bila shaka yalikuwa ya mama yake. Alifumbua jicho moja. "Usikae," alisema.

Hakukaa. Alichukua beseni la maji ya kuwaogesha waliolala chini, akatumbukiza mikono, na akapiga yowe. Maji yalikuwa ya moto. Yalimuuma mpaka kwenye viwiko, jeraha la juzi likamchoma kama limemwagiwa chumvi, na yeye alibaki ameinama juu ya beseni lile akilia kwa maumivu na kwa furaha, akiyachota na kuyachota.

Mama wa binti aliingia saa kumi na mbili jioni, karatasi ya kifo mkononi, akiwa amevaa sare ya usafi, kwa kuwa ruhusa kazini hakupewa. Alisimama karibu na mlango kama mtu anayeogopa kuingia ndani zaidi. Mama Pacha alimpa kiti, akapiga magoti mbele yake kwenye sakafu, wagonjwa wote wakitazama.

Alimwambia yote. Kwamba aliambiwa habari ya penisilini na hakuandika. Kwamba kalamu ilikuwa mfukoni. Kwamba mtoto hakufa kwa nimonia, alikufa kwa sindano, na sahihi iliyoko kwenye faili ni yake. Hakumtaja mwingine yeyote.

Mama yule hakupiga kelele. Alikaa akikunja na kukunjua karatasi ya kifo juu ya goti.

"Nilikwambia," alisema mwishowe. "Nilikushika hapa," akagusa mkono wake mwenyewe juu ya kiwiko, "nikakwambia."

"Uliniambia."

"Nilifikiri umenisikia."

Aliinuka. Akatoka, na mlango ulipojifunga nyuma yake kitu kikubwa kilianguka chumba cha dawa. Rafu nzima ilikuwa imelala kifudifudi, na ukutani nyuma yake kulikuwa na alama ya kahawia ndefu kama mtu mzima, kama ile inayoachwa na pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Harufu ilikuwa imekatika. Wodini watu walianza kuita, mmoja maji, mwingine chombo cha haja, mwingine dripu imekwisha, wote kwa wakati mmoja, kama zamani. Mama Pacha alikwenda kwa wa kwanza. Alipowakabidhi wauguzi wa usiku kazi kumi na tatu zilikuwa hazijafanywa, naye aliziandika zote kumi na tatu.

Asubuhi alikwenda ofisini kwa Matroni. Alikuta mama wa watu kainamia ratiba ya zamu ambayo visanduku vyake vilikuwa vimefutwa na kuandikwa mpaka karatasi imetoboka. Wauguzi wawili zaidi walikuwa wameacha kazi wiki hiyo. Kicheko alikuwa amelazwa kwa presha.

Mama Pacha alieleza kifo cha binti, akasema yuko tayari kwa adhabu yoyote. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameapa kutoficha tena, alieleza na yale mengine: vipimo, sauti, mgongo mweupe, Bibi Fundi. Alingoja kufukuzwa, au kuambiwa amerukwa na akili. Akaomba jambo moja tu, kwamba wodi ile isiachiwe tena mtu mmoja.

Matroni alivua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu, na chini ya macho ngozi imelegea kama ya mtu aliyeamka kwenye homa. Aliinuka, akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Alikuwa anaweza wagonjwa wangapi kwa wakati mmoja?" aliuliza.

Mama Pacha alifikiri hakusikia vizuri. Matroni hakurudia. Badala yake aliuliza, kwa upole uleule, "Alikuja mwenyewe, au ulimwita?"

"Ameondoka, Matroni. Hawezi kurudi."

"Sawa," Matroni alisema, akavaa miwani. Alimwambia aende nyumbani akangoje barua.

Mama Pacha alitoka na kukaa kwenye benchi la korido. Ndipo aliposikia Matroni anaongea mle ndani. Alidhani ni simu. Lakini simu ya Matroni ilikuwa inachajiwa kwenye kaunta ya mapokezi, mbele ya macho yake, na mle ofisini hakuwa amemwacha mtu mwingine. Matroni alisema kitu, akanyamaza kama anayesikiliza, akasema tena. Sauti yake ilikuwa ya heshima na ya kuchoka, sauti ileile aliyowapokelea wauguzi wapya wote.

"Unaweza kuanza lini?"